Maziwa Hayaoshi Mapafu

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliozima mashine ili mnisikilize, asanteni.

Niulize kwanza: nani hapa Katwe, Kampala, amechomelea bomba lililopakwa zinki mchana, usiku akatetemeka kama ana malaria? Naona mikono mingi. Mkameza dawa ya malaria, kesho yake mkaamka wazima, mkaisifu dawa. Yawezekana haikufanya kitu. Moshi wa zinki ukiuvuta, homa huja baada ya saa 4 hadi 10, kisha huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Tena ina ujanja: mwili huuzoea moshi wiki nzima, ukipumzika Jumapili mazoea yanapotea, Jumatatu unaangushwa upya. Lakini pimeni damu, malaria nayo ipo.

Sasa maziwa. Kila karakana niliyopita naambiwa, "Daktari, sisi tunakunywa maziwa, yanaosha kifua." Ssebo, bwana wangu, maziwa huenda tumboni. Vumbi limeshika njia nyingine tangu kooni. Kunywa, ni chakula, lakini usiyahesabu kuwa kinga.

Cheche zinatisha macho tu. Chembe ya kuogopa haionekani: iko chini ya mikromita 2.5, na unywele wa mtu una upana wa kama 70. Pua haiikamati, na kitambaa mnachojifunga usoni hakiizuii. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi moja na tumbaku, maana ushahidi kwamba unaleta saratani ya mapafu umetosha.

Kina mama, ovaroli ile msiikung'ute ndani. Hasa ya anayevunja betri za magari, kwa sababu ina vumbi la risasi, yaani madini yaliyomo kwenye betri, na risasi hiyo humpunguzia mtoto akili hata ikiwa kidogo. Mtoto anatambaa, anaweka vidole mdomoni. Baba hajui kwamba amemletea.

Sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006 inamdai mwajiri vifaa vya kujikinga. Najua mtacheka, wengi wenu mwajiri ni wewe mwenyewe.

Kijana wa kampresa ya upepo hapo nyuma, usijipulizie nguo, unalirudisha vumbi hewani tulivute sote. Niletee ndoo ya maji na ufagio. Tuloweshe sakafu hii kwanza, ndipo tufagie.