Baiskeli Ndani ya Ndege Kutoka Dodoma: Futi Kwanza, Spana Baadaye

Karibuni tena mezani. Leo tuna baiskeli moja ya gia, boksi la karatasi ngumu, na futi ya fundi cherehani. Safari ni Dodoma kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo nje ya nchi. Spana weka pembeni kwanza. Baiskeli inaweza kufungwa vizuri kabisa na bado ikabaki uwanjani, kwa sababu mwenyewe alifika kaunta bila namba mbili na herufi mbili. Namba mbili ni sentimita na kilo. Herufi mbili tutazifikia.

Tazama futi hapa. Tunapima boksi lililokwisha kupakiwa, si lile tupu, maana likishashiba tumbo hutokeza sentimita 2 au 3. Urefu 140, kimo 78, upana 24. Jumlisha: 242. Mzigo wa kawaida wa ndege kikomo chake ni 158 kwa kujumlisha pande zote tatu, kwa hiyo usihangaike kulibana boksi lako lifike hapo. Halitafika. Baiskeli inapita kwa kanuni za vifaa vya michezo, na hizo kila shirika lina zake: lingine linaihesabu ndani ya kilo zako za kawaida, lingine linatoza ada kwa kila safari, kwenda yake na kurudi yake. Ada hiyo ukilipia mapema mtandaoni mara nyingi inakuwa nafuu kuliko ya kaunta.

Kilo sasa. Kikomo cha kawaida cha mzigo mmoja ni 23, na ukilipia ziada mashirika mengi yanaishia 32, kwa sababu kuna binadamu anayelibeba boksi hilo kwa mgongo wake. Baiskeli ya gia ya alumini ina kilo 12 hadi 15, boksi na vikinga vyake 3 hadi 5. Unabaki na nafasi kidogo ya pampu na viatu. Mwenye Phoenix ya chuma, yenye breki za fito na kerea nyuma, tunamwambia ukweli: fito zile zinafanya usukani usitoke kirahisi, na uzito wake peke yake unakaribia kilo 23. Hiyo ipeleke kwa basi, stendi ya Nanenane, kama kifurushi.

Sasa tiketi, na hapa tutakaa kidogo. Soma kanuni za kila ndege utakayopanda, kisha ufuate ile iliyo kali kuliko zote. Mtu anasoma kanuni za ndege kubwa ya kimataifa, anafurahi, anasahau kwamba kutoka Dodoma anaondoka na ndege ya pangaboi. Ndege kama ATR au Dash 8 mlango wake wa mizigo unapitisha boksi, tatizo ni nafasi na uzito. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mahali pa juu ikipata jua la mchana inakuwa nyepesi, ndege inabeba kidogo kuliko ambavyo ingebeba asubuhi. Mizigo ikizidi, cha kwanza kushushwa ni lile boksi refu. Kwa hiyo chukua ndege ya asubuhi, na ukiweza fika Dar siku moja kabla. Ndege ndogo za injini moja kama Cessna Caravan zisahau: huko ni begi laini, mara nyingi kilo 15.

Jambo la pili kuhusu tiketi: nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Hapo boksi linaweza kupewa tagi ya mpaka mwisho wa safari. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, pale Julius Nyerere utalipokea boksi mwenyewe, utalihamisha kutoka jengo la safari za ndani hadi Jengo la Tatu la kimataifa, na utalisajili upya kwa kanuni nyingine na pengine ada nyingine. Weka angalau saa nne katikati.

Ukishanunua, ndani ya siku hiyohiyo andikia shirika. Usipige simu tu, andika. Ujumbe wenyewe huu hapa kwenye skrini, unaweza kuusimamisha ukaunakili: “Nina baiskeli 1 ndani ya boksi. Vipimo sentimita 140 kwa 78 kwa 24, uzito kilo 19. Si ya umeme, haina betri. Naomba ithibitishwe kwa safari zote, kwenda na kurudi.” Weka na namba ya tiketi. Mashirika mengi yanataka taarifa saa 24 hadi 48 kabla, lakini nafasi za baiskeli kwenye ndege moja ni chache, na anayewahi ndiye anayepata.

Herufi mbili ndizo hizi. Kwenye mfumo wa tiketi, ombi lako linaandikwa kwa neno BIKE na mbele yake alama ya hali. HK maana yake imethibitishwa. HN maana yake bado inaombwa. Mwombe wakala akuoneshe HK kwa kila kipande cha safari, kisha upige picha ukurasa huo au uuchape. Wakala akikwambia “usijali, utaelewana nao uwanjani,” jua hajaandika chochote.

Haya, spana sasa. Boksi unalipata bure au kwa hela kidogo kwenye maduka ya baiskeli pale Majengo. Baiskeli mpya zinafika ndani ya hayo. Waambie wiki mbili kabla, maana mengi yanachanwa siku hiyohiyo. Omba na vile vipande vya plastiki vya kwenye foki, wao wanavitupa. Likikosekana kabisa, maboksi mawili ya televisheni ya inchi 55, moja likivishwa juu ya jingine, yanafanya kazi.

Osha baiskeli. Si urembo huu. Nchi kama Australia na New Zealand zinakagua udongo na mbegu, na tairi la Dodoma halikosi mbigili. Sogeza kamera hapa: hii ni mbegu ya mbigili, imezama kwenye mpira, kilichobaki nje ni ncha ya mwiba tu. Ing’oe kwa koleo ndogo, usiisukume ndani. Pitisha kidole polepole tairi zima, kwa nje na kwa ndani. Zile zinazovuja ukizing’oa, ziba sasa hivi ukiwa nyumbani.

Pedeli. Spana 15, au elenki ya 6 au 8 kwa nyuma. Pedeli ya kulia inafunguka kama kawaida, ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na hapo ndipo watu wanapoharibu kerenge, ule mkono unaoshika pedeli. Njia rahisi: simamisha mpini wa spana uelekee juu, kisha uvute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili inafunguka hivyohivyo. Ikigoma, usigonge kwa nyundo. Weka mafuta ya kulegeza, subiri dakika kumi, ongeza urefu wa spana kwa kipande cha bomba. Fungua hata wiki moja kabla, upake grisi, urudishe kwa wastani, ili kule uendako usipambane nazo.

Siti: zungushia selotepu pale inapoishia kwenye fremu, ndipo uitoe. Selotepu hiyo ndiyo itakuambia kimo chako wakati wa kurudisha.

Usukani. Kama una skrubu nne mbele ya shingo, kile kipande kinachoshika usukani, legeza hizo tu, utoe usukani, uulaze kando ya fremu. Usifungue skrubu ya juu kabisa wala zile za ubavuni mwa shingo, ukizifungua zote foki inalegea na bearingi zinaweza kudondoka. Kama ni shingo ya zamani inayozama ndani ya foki, legeza nati ya juu mizunguko mitatu, weka kipande cha mbao, gonga mara moja. Angalia waya na mirija ya breki isikunjike kona kali.

Gurudumu la mbele linatoka, la nyuma linabaki. Sasa masikio ya foki hayana kitu katikati, na mtu akiangusha boksi kwa mbele yanabanana. Tia kile kipande cha plastiki, au mbao ya milimita 100 kama ekseli yako ni ya kibana cha mkono. Kama breki ni za diski za mafuta, ingiza karatasi ngumu katikati ya pedi, ili mkono wa breki ukibonyezwa kwa bahati mbaya pistoni zisitoke zikagandana. Diski nayo ivue ukiweza, skrubu sita za nyota, T25. Ikipinda kidogo tu, itapiga kelele safari nzima.

Nyuma, kuna kile kikono kinachohamisha cheni. Kimeshikwa na kisikio cha alumini laini, kimetengenezwa kipinde chenyewe kabla fremu haijapinda. Kwenye boksi ndicho kinachoumia zaidi. Elenki ya 5, kifungue, cheni iache ilivyo, kifunge kitambaa na ukifungie ndani ya pembetatu ya nyuma kwa vile vifungio vya plastiki vya mafundi umeme. Usipoweza kukifungua, basi hamishia cheni kwenye gia kubwa ya nyuma, kiingie ndani. Nunua kisikio cha akiba kabla ya safari. Kila fremu ina chake na ugenini hukipati kirahisi.

Upepo wa matairi. Tairi halitapasuka. Chumba cha mizigo kinashindiliwa hewa sawa na cha abiria, na ukilinganisha na hewa ya Dodoma tofauti haifiki psi 3. Hata hivyo mashirika mengi yanataka upepo upunguzwe, na kaunta si mahali pa kufundishia fizikia. Punguza hadi tairi libonyee kwa kidole gumba, lisiishe kabisa, maana huo upepo uliobaki ndio unaokinga rimu.

Paki sasa. Gurudumu la mbele likae upande wa kushoto, mbali na cheni, kibana chake kikiwa kimetolewa, na kwenye ncha ya habu uweke duara la karatasi ngumu lisitoboe fremu. Vitu vidogo vyote, pedeli, kibana, skrubu, viingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko ufungwe kwenye fremu. Usiviache vikizunguka chini. Matundu ya kushikia yapo pande mbili, na pedeli moja inatosha kutoboa njia yake na kupotea. Jaza nguo kwenye mapengo mpaka ukitikisa usisikie kitu.

Kuna vitu havipandi. Dawa za kupuliza zinazoshika moto, hata kikopo kidogo cha kulegeza nati, acha nyumbani. Vimtungi vya gesi vya kujazia upepo vinahitaji kibali cha shirika na nchi nyingine haziviruhusu kabisa, beba pampu. Taa za kuchaji na pawa benki ziende begi la mkononi. Baiskeli ya umeme hesabu mwenyewe: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360, na kikomo kwenye ndege ya abiria ni 160. Betri hiyo haiendi, si mkononi wala chini.

Pima kilo kabla ya kufunga: simama kwenye mizani ukiwa umelibeba, kisha utoe uzito wako. Andika jina na simu pande mbili za boksi, na karatasi nyingine ndani. Piga picha baiskeli, boksi, na namba iliyogongwa chini ya fremu pale pedeli zinapokutana. Hiyo picha na risiti vitakusaidia pia forodhani ukirudi.

Siku ya safari tafuta kirikuu au Noah, si bajaji. Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka, ukiwa na selotepu mkononi, kwa sababu boksi likizidi mdomo wa mashine ya mionzi watalifungua. Kaunta, onesha ule ukurasa wa HK kabla hujasema neno. Ukipewa tagi ya kusaini, isome: kama kumewekwa alama kwamba mzigo umefungwa vibaya, uliza kwa nini kabla ya kusaini.

Ukifika, boksi mara nyingi halitoki kwenye mkanda, linaletwa mlango wa mizigo mikubwa. Likague hapohapo. Likiwa limetoboka au kupondeka, fungua, piga picha, ujaze fomu ya shirika kabla hujatoka nje ya ukumbi. Kwa safari za kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal, malalamiko ya uharibifu yaandikwe ndani ya siku 7, ya kuchelewa ndani ya siku 21, na kikomo cha fidia kwa abiria tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kama dola 2,000 na kitu. Baiskeli ya bei zaidi ya hapo ikatie bima yake.

Kurudisha ni kinyume cha tulivyotoa. Skrubu nne za usukani kaza kwa msalaba, kidogokidogo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye shingo yenyewe, mara nyingi Nm 5. Endesha mita 200, minya breki zote mbili, kaza pedeli tena. Boksi likunje, uliache unapolala, maana wiki ijayo unalihitaji.