Boksi Halileti Intaneti

(Mazungumzo na wakazi, ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam)

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Nilipewa nusu saa, lakini feni ya hapa imegoma na Sinza leo hakuna upepo, kwa hiyo nitafupisha.

Mnakumbuka 31 Desemba 2012? Mitambo ya analojia ilizimwa hapa Dar, tukahangaika na ving'amuzi, wengi tukanunua kwanza tukauliza baadaye. Sasa naona tunarudia mchezo uleule. Naitwa nyumbani kwa mtu kutundika TV ukutani, nakuta boksi la kuangalia intaneti limeshanunuliwa kwa kusoma katoni: ukali wa picha 4K, 8K, nafasi GB 128. Nikiuliza kwa nini hili, najibiwa, "Fundi, si limeandikwa?"

Nisijifanye mjuaji. Mimi mwenyewe nililizwa Kariakoo. Boksi la Android, bei nzuri, muuzaji ana maneno matamu kuliko kashata. Katoni inasema GB 128. Nikaanza kuhamishia faili zangu. Hata GB 6 hazijafika, likaniambia nafasi imeisha. (Kicheko.) Hilo ningelisamehe. Kilichoniudhi ni Netflix, ile huduma ya filamu za mtandaoni: TV ni kubwa, intaneti iko vizuri, lakini picha ni kama naiangalia kupitia chandarua.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo katoni hailisemi. Filamu hizi hutumwa zikiwa zimefungwa kufuli. Kwenye vifaa vya Android kufuli hilo linaitwa Widevine, na lina ngazi. Ngazi ya juu, L1, hufunguliwa ndani ya sehemu ya chipu iliyolindwa, mtu asiweze kuiba picha njiani. Ngazi ya chini, L3, hutegemea programu peke yake. Boksi likiwa L3, Netflix haitakupa picha ya HD, ile kali. Utapewa ile ya kiwango cha kawaida, hata kama TV yako ni inchi 65 na umeunganishwa faiba. Si kwamba limeharibika. Haliaminiwi tu.

Utalijuaje dukani? Liombe liwashwe. Mengi ya haya ya bei ya kutupa yana Android ya simu, si ile iliyotengenezwa kwa ajili ya TV. Ukiona rimoti inasukuma mshale mdogo kama wa kompyuta, na ukurasa wa mbele umepangwa kama simu, rudisha pesa mfukoni. Tafuta lenye Google TV au Android TV halisi, kama Xiaomi TV Box S. Google wenyewe walianza na Chromecast mwaka 2013, dola 35, kijiti cha kuchomeka kwenye TV, kisicho na rimoti. Mwaka 2024 wakaacha kuitengeneza, wakaleta Google TV Streamer ya dola 100, yenye rimoti na tundu la waya wa intaneti. Hizo ni bei za Marekani. Ya Kariakoo mtaelewana na muuzaji.

Watu wengi wanadhani ukirusha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye kijiti, video inapita ndani ya simu. Kwa YouTube na wenzake, hapana. Simu inakiambia tu kijiti, "Kachukue kitu fulani," kijiti kinakwenda chenyewe mtandaoni. Ila sisi wa hapa tuna yetu: ruta ya nyumba nyingi ni hotspoti ya simu hiyohiyo. Basi kwetu inapita kwenye simu, na betri inaisha kweli.

Apple TV 4K ni laini sana, inateleza. Lakini toleo la 2022 lilianzia dola 129 huko Marekani, na kama nyumbani hakuna hata iPhone moja sioni kwa nini ujitese. Fire TV Stick ya Amazon ina rimoti nzuri, ila ukurasa wake wa mbele ni duka la Amazon, kila ukiwasha unapitishwa dukani. Boksi la Roku, ndugu akikuletea kutoka Marekani, mshukuru, ila ujue chaneli zake hufuata nchi.

Sasa bando, maana hapa ndipo ndoa zinapogombana. (Kicheko.) Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti, bando hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080, yaani HD kamili. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: MB 2,250. GB mbili na robo kwa saa! Mechi ikirushwa kwa kasi hiyo, na mapumziko yake ni kama saa mbili, imekula GB nne na nusu. Bando la GB 1 linakata dakika ya 26, na bao halijafungwa. 4K wanataka megabiti 15, zidisheni wenyewe, mimi naogopa.

Boksi halileti intaneti, lakini linaweza kuitumia vizuri au vibaya. Lenye chipu inayosoma mifumo mipya ya kubana video, HEVC au AV1, hupokea picha ileile kwa data kidogo. Hilo naliuliza kabla ya 4K. Na ukiwa na TV ya inchi 32, shusha picha iwe 480, ile ya kiwango cha kawaida, wakati watoto wanaangalia katuni. Hawatalalamika.

Kuna maboksi yanayokula bando ukiwa umelala. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyotekwa na wahalifu: maboksi ya TV na vifaa vingine vya bei rahisi, vingine vikiwa na programu ovu tangu kabla hujavinunua. Wahalifu hupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumbani kwako, ionekane ni wewe. Boksi likikuambia uzime ulinzi wa Google Play ndipo lifanye kazi, lizime lenyewe.

La mwisho ni umeme. Kijiti kikijizima na kujiwasha, angalia kwanza umekichomeka wapi. Tundu la USB la TV nyingi hutoa nusu ampea, na vijiti vingi vinataka ampea nzima. Tumia adapta yake, ukutani.

Mzee pale nyuma alikuwa na swali. (Anauliza kama boksi litafanya kazi kwenye TV ya chogo.)

Mzee wangu, linaweza, kama boksi lina tundu la AV na TV ina yale matundu matatu, njano, nyekundu na nyeupe. Lakini maandishi yatakuwa madogo, utayasoma kwa shida. Unataka kuangalia nini hasa? (Anajibu: taarifa ya habari saa mbili usiku.) Basi baki na king'amuzi chako cha antena, mzee. Hakili bando.