Kimbweta na Desa: Ninayoyapenda na Yanayoniudhi Mlimani

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu wa kidato cha sita, hamjambo? Nimeombwa niwaeleze maisha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ninayoyapenda na yanayoniudhi, na Mwalimu wa taaluma amenionya nisiwatishe. Nitajitahidi.

Sura ya chuo mnaijua. Ile noti ya shilingi 500, kabla haijaipisha sarafu, mgongoni ilikuwa na Ukumbi wa Nkrumah. Msichokiona kwenye noti ni kilima chenyewe. Ukikaa bweni la chini na kipindi chako kiko juu saa moja asubuhi, utafika shati limelowa. Tumbili nao wapo wengi, na ndizi ukiiacha mezani ukageuka kuchukua daftari, hesabu imekwenda.

Hayo yanazoeleka. Ninachokipenda kuliko vyote ni kimbweta. Ni meza ya zege na viti vyake vya zege, imejengwa nje, mara nyingi chini ya mti. Maktaba tunayo kubwa, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, na nikitaka kusoma kimya naenda huko. Ila maktabani huruhusiwi kubishana. Kimbwetani ndiyo kazi yake.

Mimi nasoma sheria. Mwaka wa pili tulikuwa kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kila mtu alishakariri kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali kwa hati. Sentensi moja, unaiandika, unapata maksi zako. Jioni tumekaa kimbwetani, mwenzetu mmoja kutoka Simanjiro akauliza: kwetu malisho ni ya ukoo mzima, masika tupo huku, kiangazi tupo kule, hiyo karatasi anaandikwa nani? Akaandikwa baba peke yake, mama na wajomba wamebaki na nini? Na miezi ambayo hatupo, mkulima akija akalima, amevamia au amekuta pori? Binti wa Kilimanjaro akasema kwao kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina mwenyewe na mpaka wake ni masale, ile mimea ya kupandwa mpakani, hata mtoto anaujua. Wakashikana hao! Wanafunzi wa uhandisi waliokuwa meza ya pili wakahamia kwetu na vitabu vyao. Tuliondoka usiku bila jibu, ila ile sheria sijaisahau hadi leo, na nyingine nyingi nilizozikariri zimeshapotea.

Sasa kinachoniudhi, na hapa siwasemi wahadhiri wala utawala, nawasema wanafunzi, nikiwemo mimi. Ni desa. Mtu mmoja kasoma, kafupisha kozi nzima kwenye kurasa sita, zinapelekwa stationari, darasa zima linatoa kopi. Wiki ya mitihani mtu anakariri kurasa sita za mwenzake pamoja na makosa yake ya tahajia. Anaogopa supu, yaani mtihani wa marudio, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, namwelewa kabisa. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likishaisha na unapiga pasi ndefu, mlo mmoja kutwa, nani ana nguvu za kusoma kitabu cha kurasa mia nne? Lakini huyo anayekariri hata bumu likiwa limejaa mfukoni, naye yupo, na ndio wengi.

Dada yake desa ni kazi ya kikundi. Mnapangwa kumi, wanaandika wawili, na usiku wa mwisho wanane wanatuma ujumbe: “Msinisahau kwenye jina.” (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu hapa hapa mmeshaanza.

Chuo hiki kilianza mwaka 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kundi dogo tu la wanafunzi wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Darasa dogo hivyo, pa kujificha hapakuwepo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, kisha akajipunguzia na yeye mshahara kwa asilimia 20. Mimi naona lile bango lilikuwa la aibu. Ila wenzetu wale walikuwa na msimamo wa kufukuziwa, na Rais aliguswa kiasi cha kujikata mshahara. Hakuna desa lililowahi kumfanya mtu ajipunguzie hata posho.

Kwa hiyo mkija, na wengi mtakuja, wiki ya kwanza mtauzwa madesa kabla hamjajua choo kiko wapi. Chukueni, sisemi msichukue, mimi mwenyewe ninayo. Lakini mkimaliza vipindi njooni kimbwetani na swali mlilotoka nalo nyumbani. La Songea, la Pemba, la hapa nyuma ya shule. Mtakuta tumebanana, lakini tutasogea.

Mwalimu ananionesha saa. Maswali sasa. Wewe wa nyuma, ulinyoosha mkono nilipotaja tu bumu, anza.