Unyayo Unawaka Moto Ukiendesha Baiskeli? Rekebisha Kiatu Hatua kwa Hatua

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulika na maumivu ya nyayo yanayoletwa na viatu vya baiskeli, vile vya soli ngumu vinavyonasa kwenye pedali. Hapa Tanga baiskeli ni usafiri wa kila siku, na wapo wanaotoka Ngamiani au Chumbageni alfajiri kwenda kufanya mazoezi hadi Pongwe, Muheza au njia ya Pangani wakiwa wamevaa viatu hivi, vingi vyake vya mtumba. Mwendo mwanzoni ni mzuri, kisha unyayo unaanza kuwaka, vidole vinakufa ganzi, na mtu anashuka kando ya barabara avue kiatu.

Wengi huambiwa wavumilie, eti mguu utazoea. Hautazoea. Soli hii haipindi wala haitanuki kama ya raba, kwa hiyo kinachobana leo kitabana na mwakani. Dawa yake mara nyingi ni alenki moja, ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti, karatasi, na subira ya kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, maumivu yakiisha hutajua kilichokuponya, na yakizidi hutajua kilichokuumiza.

Hapa mezani tuna karatasi mbili kubwa, penseli, rula, maka peni, seloteipu ya karatasi, mswaki wa zamani, grisi kidogo, na alenki namba 4. Tutataja sana neno kliti: ni hiki kipande cha chini ya soli, cha plastiki au cha chuma, kinachonasa kwenye pedali. Bolti zake nyingi ni za alenki namba 4. Chache ni za bisibisi.

Hatua ya kwanza, tafuta panapouma. Usiguse bolti yoyote kabla ya hapo. Vua kiatu na soksi, bonyeza unyayo kwa kidole gumba cha mkono, sehemu moja baada ya nyingine. Moto au ganzi nyuma tu ya vidole, hasa kuelekea kidole cha tatu na cha nne, maana yake mishipa ya fahamu inayopita kati ya mifupa mirefu ya unyayo inabanwa. Ama inabanwa kutoka pembeni kwa sababu kiatu ni chembamba, ama kutoka chini kwa sababu kliti imekaa mbele mno. Panapouma ubavuni kwa kidole kidogo, shuku wembamba kwanza. Juu ya unyayo, shuku mkanda. Katikati, kwenye upinde, soli ya ndani ni bapa na haiushiki mguu. Na ikiwa ni kano ya nyuma ya kisigino, tazama kliti iliyo mbele mno au siti iliyo juu mno.

Angalia pia kama ni mguu mmoja au yote miwili. Watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na huo ndio hulalamika kwanza.

Hatua ya pili, pima. Pima jioni, au ukirudi tu kutoka barabarani, maana mguu huvimba kwa joto na kwa kazi, na joto la kaskazi hapa pwani mnalijua. Simama juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uzito ugawanyike miguu yote miwili. Mwombe mtu mwingine achore mzingo wa unyayo, penseli ikiwa imesimama wima. Ukiinama mwenyewe, mguu unahama na kipimo kinaharibika. Pima urefu kutoka ukutani hadi kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, kisha pima upana mahali panapozidi. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili.

Sasa chomoa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, uisimamie. Tazama hapa kwa karibu: kisigino kimekaa kwenye kikombe chake, na mbele ya kidole kirefu imebaki nafasi ya milimita 8 hivi. Hiyo ni sawa, popote kati ya milimita 5 na 10. Lakini ona huku ubavuni: kidole kidogo na nyama yake vimemwagika nje ya ukingo wa soli. Mguu huu ukiingia ndani ya kiatu hiki unakunjwa kuelekea katikati, na mishipa inabanwa kabla hujakanyaga pedali hata mara moja. Kiatu cha namna hii hakiponi kwa kusogeza kliti. Tafuta kipana zaidi.

Hapa ndipo watu wa mtumba hupotea. Mtu anaona 42 inambana, anachukua 44. Kila namba ya kipimo cha Ulaya huongeza urefu kama milimita 6.7, upana huongezeka kidogo tu. Kwa hiyo umepata kiatu kirefu, kisigino kinaruka, lengelenge linatokea, na pembeni bado panabana. Isitoshe, 42 ya kiwanda kimoja si 42 ya kingine. Ukienda kununua, nenda na ile karatasi uliyochora, chomoa soli ya ndani ya kiatu unachokitaka, uipachike juu ya mchoro wako palepale dukani. Fundi viatu anaweza kutanua kiatu cha ngozi kiasi fulani. Hivi vya plastiki na kitambaa kigumu havitanuki vya kutosha.

Hatua ya tatu, mikanda. Hii ni ya haraka na haigharimu kitu, lakini imewaponya wengi. Vaa kiatu, gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa, kisha anza kufunga mkanda wa juu, ule wa karibu na kifundo cha mguu. Huo ndio unaoshika. Wa katikati ufuate. Wa mbele, wa karibu na vidole, uguse tu; vidole viweze kuchezacheza. Wengi hufanya kinyume, wanaukaza wa mbele asubuhi mguu ukiwa umepoa, na saa mbili baadaye mguu umevimba bila pa kwenda. Ukisimama kunywa maji, legeza tena. Soksi iwe nyembamba, isiwe na mshono mnene juu ya vidole, na usivae mbili.

Hatua ya nne ni kliti, na hapa tutakaa kidogo.

Bandika seloteipu ubavuni mwa kiatu, ndani na nje. Vaa, funga kama kawaida. Papasa upande wa ndani hadi uipate nundu ya kidole gumba, ule mfupa uliotokeza pale kidole kinapoungana na unyayo. Tia alama kwenye seloteipu. Papasa upande wa nje uipate nundu ya kidole kidogo, utaikuta iko nyuma kidogo kuliko ile ya kwanza. Tia alama. Vua kiatu, kigeuze, na kwa rula zihamishe alama zote mbili chini ya soli.

Tazama mstari wa katikati ya kliti, pale ekseli ya pedali inapopita. Kliti nyingi zina alama yake ubavuni. Mstari huo ukae kati ya alama zako mbili. Ukiukuta mbele ya nundu ya kidole gumba, mshitakiwa umempata: kila unapokanyaga, uzito wote unatua sehemu ndogo nyuma ya vidole, na kano ya kisigino inavutwa bure.

Kabla ya kulegeza, chora mzingo wa kliti kwa maka peni ili uweze kurudi ulipoanzia. Safisha matundu ya bolti kwa mswaki. Usipuuze hili. Mchanga ukijaa, alenki haiingii hadi mwisho, inateleza, na tundu linachubuka. Bolti hiyo baadaye itatoka kwa kukerezwa. Ikiwa imeshika kutu, na hewa ya chumvi ya hapa huileta upesi, dondoshea mafuta ya kulainisha, ngoja, ndipo ujaribu.

Legeza bolti bila kuzitoa, sukuma kliti nyuma milimita 2 au 3, isizunguke. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka nyutoni mita 5 hadi 6, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Kama huna spana ya kipimo, kaza kwa nguvu ya mkono mpaka kliti isisogee ukiisukuma kwa nguvu, na usichomeke bomba kwenye alenki kuongeza nguvu. Soli za nyuzi za kaboni zina nati nyepesi; zikivurugika, kiatu kimekwisha. Moto ukiendelea baada ya safari mbili tatu, rudisha nyuma tena kidogo. Mwenye tatizo la kuwaka anaweza kufika karibu na nundu ya kidole kidogo, hata kuipita kidogo, na bado akaendesha vizuri.

Kliti ikirudi nyuma, mguu unakuwa kama umefupishwa. Kwa milimita 5 za kliti, anza na kushusha siti milimita 2 hivi, usikilize goti. Na kabla ya kutoka barabarani, weka kranki, ule mkono unaoshika pedali, mbele, geuza usukani polepole: kwenye fremu ndogo ncha ya kiatu sasa inaweza kugusa gurudumu la mbele, na ni heri uligundue hilo uani kuliko kwenye kona mbele ya bajaji.

Kuna jambo la rangi pia. Kliti za kampuni ya Shimano za bolti tatu, ya manjano inaruhusu kisigino kucheza nyuzi 6 za pembe, ya bluu 2, nyekundu haichezi kabisa. Kliti za Keo za kampuni ya Look mambo ni tofauti: nyekundu ndiyo inayocheza zaidi, nyuzi 9, ya kijivu 4.5, nyeusi haichezi. Mtu akinunua viatu vya mtumba vyenye kliti isiyocheza, iliyoelekezwa kwa mguu wa mwenyewe wa kwanza, unyayo na goti vitalalamika pamoja. Weka inayocheza. Na ikiwa kliti imelika upande mmoja, kiatu kinayumba juu ya pedali na uzito unaangukia ubavuni, ibadilishe.

Wanaotumia pedali bapa na raba laini, maumivu yenu ni ya jamii hiyohiyo: soli inapinda na chuma cha pedali kinachoma. Vaeni kiatu chenye soli ngumu zaidi, na wekeni pedali pana.

Hatua ya tano, ndani ya kiatu. Chomoa soli ya ndani, pitisha vidole vya mkono chini yake. Ukihisi ncha ya bolti imetokeza, bolti ni ndefu mno, weka fupi. Kama hakuna, na moto bado upo, tengeneza kimto cha kutenganisha mifupa. Kata kipande cha sponji ya ndala kuukuu, umbo la tone, urefu sentimita 4, upana 3, unene milimita 3. Chonga kingo kwa wembe zififie kabisa, usiache ngazi. Kibandike chini ya soli ya ndani kwa seloteipu kwanza, si kwa gundi.

Mahali pake ndipo penye siri. Kisikae chini ya panapouma. Kikae nyuma yake, kuelekea kisigino, upana wake ukimalizika kabla ya zile nundu kuanza. Hapo kinanyanyua mifupa na kuipa nafasi ya kutanuka. Kikikaa chini ya nundu zenyewe kinaongeza mgandamizo, na utasema dawa imekuwa sumu. Sogeza milimita chache mpaka uhisi kinakusukuma kidogo bila kuchoma, kisha legeza mkanda wa mbele, maana kimekula nafasi.

Baada ya kila badiliko, jaribu kwanza mzunguko mfupi wa Raskazone na urudi, alenki ikiwa mfukoni. Muheza na Pangani baadaye. Na uangalie gia zako: kukanyaga kwa nguvu kwa mizunguko michache kunauumiza unyayo hata kwenye kiatu kizuri. Ukielekea Pangani wakati wa kusi, upepo unakujia usoni. Shusha gia, hesabu goti la kulia kwa sekunde 15, lipande mara 20 au zaidi.

Kama ganzi haiishi saa kadhaa baada ya kuvua kiatu, au panauma mfupa mmoja na pamevimba hata ukitembea, acha baiskeli uende hospitali. Hospitali ya Bombo hapa Tanga ni karibu. Mwenye kisukari asijaribu kimto wala kiatu kinachobana bila kumuuliza daktari, kwa sababu kidonda anaweza asikihisi.

Ukirudi nyumbani, toa soli ya ndani, jaza magazeti ndani ya kiatu, kianike kivulini. Jua kali hulegeza gundi na kukakamaza ngozi. Mara moja kwa mwezi toa bolti za kliti moja moja, zifute, zipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake, uzirudishe kabla ya kutoa inayofuata ili kliti isihame pale ulipoitafutia.