Kinyago Kina Wazee Wake

Wazee wangu, walimu, akina mama, na nyie vijana mlioegemea ukuta kule nyuma kana kwamba mnasubiri treni, ahsanteni kwa kuja. Wengi wenu mnajua nitakachosema. Nimekisema hapa Mwanga, Kigoma, nimekisema Ujiji, na nitaendelea kukisema maana swali linarudi lilelile. Kuna mchekeshaji amefunika uso, kavaa kinyago cha plastiki au soksi ya kichwani yenye matundu mawili, sauti ameikoroga kwa programu ya simu. Leo anachekesha kuhusu mama mkwe. Kesho anatoka kwenye mama mkwe anaingia kwenye mimba za wanafunzi, dawa za hospitali na bei ya dagaa. Je, tumwamini?

Na kila mara ukumbi unagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema asiyeonyesha uso ni mwongo, angekuwa na la kweli angejitokeza. Upande wa pili unasema huyo ndiye mkweli pekee, maana haogopi mtu. Nyote mnautazama uso! Uso hausemi kitu. Tuna watu wanaoonyesha uso, meno na hata fizi, na hawajasema kweli tangu mwaka uanze. Mimi nauliza jambo moja tu: akikosea, nani anaulizwa?

Tuanzie kwetu. Mtani msibani havai kinyago, lakini utani wenyewe ni kinyago. Anaingia mnavyolia, anamwiga marehemu alivyokuwa bahili, analala kaburini anagoma kutoka mpaka alipwe. Anasema mambo ambayo angeyasema mwingine tungepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa nini tunamvumilia? Kwa sababu tunajua kwao. Tunajua yeye ni mtani wa nani na kwa njia gani, na tunajua msiba ukiwa kwake na sisi tutakwenda kulala kaburini vilevile. Ruhusa yake ina mipaka, na mipaka inajulikana na wote waliopo.

Sasa twende kwenye vinyago vyenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana watu huzungumza habari za kinyago bila kujua kinavyovaliwa. Chukueni mapiko ya Wamakonde, kule Mtwara na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Lipiko si kibandiko cha usoni chenye kamba ya mpira. Ni kichwa kizima kilichochongwa kwa mti mwepesi, kikakombwa ndani mpaka kichwa cha mtu kiingie kama kofia ya pikipiki. Mara nyingi kimebandikwa nywele za mtu kweli. Kikishavaliwa, macho ya kinyago yanatazama juu, na mchezaji anachungulia kwa kupitia mdomo. Mnaelewa maana yake? Haoni pembeni. Haoni miguu yake. Shingo imefunikwa kitambaa na mwili umefungwa nguo. Mtu wa namna hiyo hawezi kucheza peke yake. Akiachwa na ngoma ataanguka. Mpigaji ngoma ndiye macho yake.

Kwa hiyo kinyago kile hakikuwa cha mtu mmoja hata siku moja. Kina mchongaji, kina wapigaji, kina kundi, na kundi lina wazee. Kina msimu wake, jando likitoka. Watoto waliambiwa ule ni mzimu, sawa, lakini mzee wa kundi nyumba yake ilijulikana. Wareno walipotawala upande wao, wachongaji walichonga nyuso za wakoloni wakazicheza uwanjani watu wakacheka mpaka kulia. Maoni ya kijamii hayo! Na yaliaminika. Yaliaminika kwa sababu kila aliyesimama pale alikuwa ameona kwa macho yake kilichokuwa kinachezwa, na aliyebisha alijua pa kwenda kubisha. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, ngoma ambayo UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, na huko nako ni hivyohivyo: kinyago kinamwigiza mlevi, mwizi, mtu wa tamaa, na nyuma yake kuna chama kizima cha Nyau kinachowajibika.

Mkiniambia hayo ni ya vijijini na ya zamani, nawapeleka Mexico City. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko liliuangusha mji ule. Watu kwa maelfu wakafa, na nyumba za wapangaji zikabaki nyufa. Wenye nyumba wengine wakaona hapo ndipo pa kuwafukuzia waliobaki. Mwaka 1987 akatokea bwana mmoja, tumbo limetangulia, kavaa suti ya kubana ya nyekundu na njano, kinyago chekundu, herufi SB kifuani, akajiita Superbarrio. Wamexico hawakushangaa kinyago. Wanamieleka wao wanavaa vinyago. El Santo alianza kwa jina hilo mwaka 1942, na alipofariki mwaka 1984 akazikwa na kinyago chake cha rangi ya fedha. Lakini kazi kubwa ya Superbarrio haikuwa mieleka. Alisimama mlangoni siku ya kuhamisha watu kwa nguvu. Alikwenda kwenye ofisi za serikali na kinyago chake, akaketi mezani.

Sasa ulizeni kama ninavyouliza: nguvu ile ilitoka kwenye suti? Ilitoka Asamblea de Barrios, umoja wa wapangaji na wakazi wa mitaa ulioanza mwaka huohuo. Walikuwa na mikutano, walikuwa na orodha ya familia, nyumba ipi, wanaishi wangapi. Ofisa aliyekataa kuongea na kinyago aligeuka akawakuta wapangaji wenyewe nyuma yake, na hao hawakujifunika. Uongo wa Superbarrio ungekuwa uongo wao, na wangefedheheka wao. Wamtoe huyo wamvalishe mwingine kinyago kilekile, madai yangebaki yaleyale kwa sababu hayakuwa ya aliyevaa.

Najua kuna mtu anainua kidole chake pale. "Mbona waandishi wa magazeti walikuwa na majina ya kubuni?" Ndiyo, walikuwa nayo, na safu zao tulizipenda. Lakini mhariri alimjua mwandishi wake. Anwani ya gazeti iko ndani ya gazeti. Umechafuliwa, unaandika barua. Gazeti linakupa nafasi ya kujibu au linaomba radhi, au mnakutana mahakamani. Lakabu ile ilikuwa na mlango wa kugonga. Huyu wa kwenye simu ukigonga, akaunti inafutwa, wiki ijayo anarudi na kinyago cha mbuzi.

Na mwingine ataniambia anayejificha ni mwoga. Hapana. Hilo silikubali hata kidogo. Ghana yupo mwandishi, Anas Aremeyaw Anas, anayefunika uso kwa shanga zinazoning'inia kutoka kwenye kofia. Mwaka 2018 mwanasiasa alionyesha kwenye televisheni picha ya Ahmed Hussein-Suale, mwenzake Anas wa kazi. Januari 2019 Hussein-Suale alipigwa risasi Accra, akafa. Baada ya hilo mtu asiniletee habari za woga. Lakini tazameni pia Anas alichofanya mwaka 2015 kwenye sakata la majaji na rushwa: hakusema "niaminini mimi mwenye shanga". Alipeleka picha za video na malalamiko rasmi kwa mamlaka, majaji wakapewa nafasi ya kujibu, na waliofukuzwa wakafukuzwa kwa utaratibu. Uso ulifunikwa, ushahidi ukawekwa mezani.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kama hakuna wazee wa kujibu, basi angalau kinachosemwa kiwe kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kwenda kukihesabu. New York tangu mwaka 1985 kuna wanawake wasanii wanaoitwa Guerrilla Girls, wanavaa vichwa vya gorila. Si sokwe wetu wa Gombe, gorila, wale wakubwa. Mwaka 1989 waliingia kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan wakahesabu, wakatoa bango: wanawake hawafiki asilimia 5 ya wasanii katika sehemu ya sanaa ya kisasa, ila asilimia 85 ya michoro ya watu walio uchi ni ya wanawake. Huhitaji kuwajua. Unalipa kiingilio, unaanza kuhesabu ukutani.

Basi tulifanye hilo hapa kwetu, kwa jambo mnalolijua kunishinda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Tuchukulie mwenye soksi kichwani anatoa klipu: "Dagaa wamepanda bei kwa sababu ziwa limefungwa, na limefungwa ili wakubwa wavue peke yao." Watu wanacheka, wanaisambaza mpaka Kasulu. Usiitupe, usiimeze. Ikate vipande.

Kipande cha kwanza, bei imepanda. Hicho kinahesabika, ila kina mtego, na mvuvi wa Katonga ataujua kabla sijamaliza. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti kitu, vipe, vyombo vyetu vya kuvulia kwa taa, vinakaa mwaloni, wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo bei ya mbalamwezi na bei ya giza hazilingani hata ziwa likiwa wazi mwaka mzima. Anayechukua bei ya giza ya mwezi uliopita akailinganisha na bei ya mbalamwezi ya wiki hii anaweza kukuthibitishia lolote. Halafu kuna mvua. Dagaa wameanikwa mchangani, mvua ikinyesha saa nane mchana, jioni wananuka. Wa kwenye vichanja vya nyavu wanapona kiasi. Basi ukiulizia bei, ulizia siku zinazofanana kwa mwezi, ulizia dagaa wa aina moja ya uanikaji, na uulizie kipimo kilekile. Sado ya muuzaji huyu ina kitako kilichobonyezwa ndani, ya yule haina. Kina mama hapa mnacheka kwa sababu mnajua nani anabonyeza.

Kipande cha pili, wakubwa wanavua. Hicho kinaonekana. Taa za kipe usiku hazijifichi. Ukisimama mlimani unaziona mstari. Nenda Kibirizi alfajiri uone nini kinashushwa, waulize BMU, kikundi cha wavuvi kinacholinda mwalo, wamekamata nini. Kipande cha tatu, limefungwa *ili*. Hiyo "ili" ni nia ya mtu, na nia haihesabiki wala haipigwi picha. Mwenye kinyago akikuletea nia pasipo barua, pasipo shahidi, hapo amerudi kwenye mama mkwe. Mcheke, umalizie chai yako.

Angalieni kwamba katika yote hayo sikumuuliza jina. Asiyejua mbalamwezi ameshajifunua, soksi au bila soksi.

Muda wangu mwenyekiti anauonyesha kwa vidole viwili. Nikimbie. La kwanza, vijana mnaotaka kuvaa vinyago, mjue kinyago chenu kinamficha nani kwa nani. Laini yenu ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kwa taarifa za uongo inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Serikali ikitaka kukujua inakujua. Anayebaki hakujui ni jirani, yule ambaye angekusahihisha bure. Na mwenye habari ya rushwa asiipeleke kwenye vichekesho. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba ni 113, haina malipo, na ipo sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Pale jina lako linafichwa kwa umma lakini yupo mtu wa ofisi anayelijua, na hiyo ndiyo tofauti niliyoisema tangu mwanzo.

La pili, nani anamlipa mwenye kinyago. Kinyago kinachotangaza kubeti Jumatatu kisizungumze Jumanne kuhusu vijana kukosa kazi mpaka kiseme kimepokea nini. Mwenye uso tunamwona ameshanunua pikipiki mpya, tunauliza. Mwenye kinyago pikipiki yake hatuijui.

Nilikuwa na la tatu, kuhusu sauti zinazotengenezwa na kompyuta na akaunti zinazouzwa na kinyago chake ndani, leo yuko huyu, kesho amevaa mwingine na wafuasi hawana habari. Muda wake nimeumalizia kwenye mapiko. Sijuti.

Maswali. Kipaza sauti kipelekeni kule ukutani. Wewe kijana uliyevaa kofia mpaka puani, ndiyo wewe, simama. Jina lako, na unatoka mtaa gani.