Nyama Uliacha Lini?

Mwanaidi: Haya wapendwa, leo ni matatizo ya ulaji, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope chakula au ajinyime, ila kwa wale wasiokula nyama, na wavegani ambao hata yai, maziwa, asali hawagusi. Kelvin, si ndo umeanza habari za mboga mboga wewe?

Kelvin: Jumatatu tu dada, Jumanne nipo kwenye kitimoto kama kawa.

Mwanaidi: Unanitajia mimi kitimoto? Astaghfirullah, tuendelee. Kuna mdada wa Marekani, Jordan Younger, alikuwa na blogu inaitwa The Blonde Vegan, watu kibao wanamfuata, misosi yote ni majani na juisi, sasa 2014 akaandika kwamba anaachana na uvegani maana amefika mahali chakula chenyewe anakiogopa. Alitukanwa huyo! Mpaka vitisho vya kuuawa.

Kelvin: Na akasema ana othoreksia. Hilo jina alilitunga daktari Steven Bratman, 1997, na yeye mwenyewe yalishamkuta. Mtu hahangaiki na wembamba, anahangaika na chakula "safi", kila wiki anafuta kitu kimoja kwenye sahani. Kwa hiyo uvegani ndo unaleta?

Mwanaidi: Hapo ndo watu wanachanganya madesa. Utafiti wa Bardone-Cone na wenzake, 2012, Marekani, wanawake waliowahi kuugua matatizo ya ulaji asilimia 52 waliwahi kuacha nyama, wasiowahi kuugua asilimia 12. Ukiishia hapo unasema ehe, tumekamata mchawi. Ila waliulizwa pia kwa nini waliacha, kwa waliougua asilimia 42 wakasema uzito, kwa wale wengine hakuna hata mmoja.

Kelvin: Aisee. Ni kichaka kizuri lakini, maana ukienda shughuli ukasema "mimi nyama sili", nani atakuuliza mbona pilau hujagusa?

Mwanaidi: Ndo maana mtaalamu anayeijua kazi anaanza na nyama uliacha lini, kabla ya kuanza kuogopa kunenepa au baada. Halafu mpe keki ya kivegani, haina yai, haina siagi ya ng'ombe, mnyama hajaguswa kabisa, akiikimbia vilevile kama alivyokimbia mishkaki basi anayeogopwa pale sio ng'ombe.

Kelvin: Duh. Na kama kweli ni imani yake? Au ni Mjaini, ile dini ya India, kwao hawajala nyama tangu babu wa babu?

Mwanaidi: Basi usimlazimishe. Uingereza 2019 madaktari wa akili na wataalamu wa lishe walitoa tamko la pamoja kuhusu wagonjwa wavegani, maana wodini ilikuwa shida kwelikweli. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimlisha kwa pupa, insulini inapanda, fosfeti, madini ambayo mwili unayahitaji, inatoka kwenye damu inakimbilia ndani ya seli, moyo unaweza kusimama. Maziwa yana fosfeti nyingi na mwili unaichukua kirahisi, ile ya kwenye maharage na nafaka imefungwa, haitoki yote, kwa hiyo damu inapimwa mara kwa mara na fosfeti inaongezwa kama dawa.

Kelvin: Kumbe kuongeza maharage tu haitoshi.

Mwanaidi: Na tumbo lenyewe limezubaa, chakula kinakaa humo, ukimjazia sukuma wiki anashiba kabla hajapata kitu. Siagi ya karanga, parachichi, tui la nazi zito, hivyo ndo vinamfaa. Vitamini B12 lazima iongezwe, mara nyingi kwa kidonge, na hapo napo uangalie, vidonge vingine ganda lake ni jelatini, inatoka kwa mnyama, na vitamini D3 nyingi inatoka kwenye mafuta ya manyoya ya kondoo.

Kelvin: Wee, kondoo yumo mpaka kwenye vitamini!

Mwanaidi: Yumo. Mgonjwa akigundua mmemficha hatawaamini tena, mwambieni mapema achague.

Kelvin: Swali la mwisho. Binti wa miaka 14, nyumbani wanakula kila kitu, yeye kaacha nyama majuzi na anapungua.

Mwanaidi: Kwenye tiba ya familia, mwanzoni wazazi ndo wanapakua na wanakaa naye mpaka amalize. Kama nyama aliiacha ugonjwa ukiwa umeshaingia, wataalamu wengi wanasema arudi kwenye chakula cha nyumbani kwanza, akipona akitaka uvegani mtaongea. Ila kwa hospitali jamani, sio mama anapambana peke yake na sahani.

Kelvin: Sawa dada, tuingie kwenye voisi noti za wasikilizaji.