Kifaru T-34 kwenye theluji ya Stalingrad: jinsi ya kutengeneza diorama ya skeli ya 1/35

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Hiki mnachokiona ni kifaru T-34 cha plastiki cha skeli ya 1/35, yaani kila kipimo kimepunguzwa mara 35. Nimeshakiunganisha na kukipaka ile rangi ya kijani ya Kisovieti inayoitwa 4BO. Leo plastiki tunaiweka kando kidogo, tunakitafutia mahali pa kusimama, yaani diorama: mandhari ndogo ya kukizunguka. Nimechagua nyika iliyo magharibi ya Stalingrad, mji wa Urusi, Januari 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wiki za mwisho kabla Wajerumani waliozingirwa pale hawajasalimu amri tarehe 2 Februari.

Mwezi na mahali nimevitaja makusudi. Nyika ile kati ya mto Don na mto Volga ni tambarare, miti yake ya kuhesabu, na upepo hauna kitu cha kuuzuia. Kwa hiyo ile misonobari mizuri ya plastiki iache dukani. Halafu Januari ardhi imeganda, ni ngumu. Tope zito lililokuwa likinasa magari ya Wajerumani huko Urusi ni la vuli, na tena theluji inapoyeyuka. Nimeshaona kazi safi sana za watu zikiharibika kwa sababu kifaru kimepakwa tope bichi la Oktoba kisha kikamwagiwa theluji kavu ya Januari. Kabla hujaweka chochote cheupe, jiulize: theluji hii imefikaje hapa, na kwa nini bado ipo? Ukiwa na jibu, weka. Ukikosa, acha.

Tuanze na kitako. Kata plaiwudi ya sentimita 30 kwa 22. Kwenye skeli hii mita moja ni karibu sentimita 2.9, kwa hiyo T-34 ya kweli yenye urefu wa kama mita 6.7 na upana wa mita 3 inakuwa sentimita 19 kwa 8.6. Iweke mshazari. Ukiipanga sambamba na ukingo wa ubao, macho yanaona gari lililoegeshwa, hayaoni safari.

Juu ya plaiwudi gundisha styrofomu, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Tumia gundi nyeupe ya maseremala. Gundi ya viatu usiiguse hapa, ina thina, inaila styrofomu ukiangalia hivihivi. Ichonge kwa kisu kikali: upande mmoja tuta la chini, upande wa pili mbonyeo. Tofauti ya sentimita moja na nusu inatosha kabisa, maana hiyo ni nusu mita kwenye uhalisia.

Sasa chukua jipsamu ya dari, ongeza maji, gundi nyeupe kidogo na rangi ya kahawia iliyokolea. Paka tabaka la milimita 3 hivi, lisiwe laini sana, kisha liache hadi kesho. Ukiwa Dar, Mombasa au Zanzibar wakati wa masika, ipulizie feni. Usiianike juani, itapasuka. Na hapa usikandamize minyororo ya kifaru. Wengi wanafanya hivyo, lakini ardhi tumeshakubaliana imeganda. Alama za minyororo zitakaa kwenye theluji, tutazifikia.

Ardhi ikikauka, panda majani. Kamba ya katani hapa haina mpinzani: rangi yake tayari ni ya majani makavu. Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2, vichambue nyuzi, toboa tundu kwa sindano, chovya mizizi kwenye gundi, chomeka nyuzi tano sita pamoja. Kisha fanya kitu ambacho kitakuokoa mbele ya safari: bandika kipande cha tepu pembeni mwa kitako, uchore mshale. Huo ndio upepo wako. Majani yote yanalala kuelekea huko, hata yaliyojificha nyuma ya kifaru.

Kama unataka nguzo ya simu, angalia vipimo. Kijiti cha mishikaki cha milimita 3 ni sawa na mti wa sentimita 10, kinafaa kuwa nguzo ya uzio. Nguzo ya simu inataka kijiti cha milimita 6 na urefu wa sentimita 18 hivi.

Twende kwenye theluji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Chumvi hapana, sukari hapana. Punje ya chumvi ya nusu milimita, ukiikuza mara 35, ni donge la zaidi ya milimita 17. Hiyo ni mvua ya mawe, wadau. Magadi ya keki ni laini vizuri, tatizo ni kwamba yanavuta unyevu, na baada ya muda yanageuka manjano. Mimi natumia unga wa marumaru, ule wanaochanganyia mafundi wa terazo. Uchekeche kwenye soksi ya nailoni, kinachopita ndicho chako. Wanaotengeneza boti za faibaglasi wana unga mwingine mweupe wa vipovu vidogo vya kioo, nao ni mzuri mno na mwepesi, ila ukivutwa puani ni hatari. Vyovyote utakavyochagua, vaa barakoa na uzime feni.

Vipimo: unga vijiko 3, gundi nyeupe kijiko 1, rangi nyeupe ya akriliki kijiko 1, maji kidogo kidogo mpaka upate kitu kizito kama uji wa mtoto anayeanza kula. Ongeza tone moja la rangi ya bluu. Moja tu. Theluji nyeupe tupu ukiiangalia kwenye picha inafanana na rangi ya ukuta, lile tone ndilo linaipa ubaridi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi, uone inakaukaje.

Paka ukifuata mshale. Upande unaopigwa na upepo, juu ya tuta, weka milimita 2 au 3, na sehemu nyingine acha udongo na majani yaonekane kabisa. Nyuma ya tuta na ndani ya mbonyeo upepo unatua mzigo wake, huko panda hadi sentimita 1, maana yake theluji ya kufika chini ya goti. Kingo za lundo zilainishe kwa brashi yenye maji.

Sasa, mchanganyiko ukiwa umeanza kushika lakini bado ukibonyea kwa kidole, chukua kipande cha mnyororo wa akiba. Kipake mafuta ya kupikia kwa ncha ya kidole, kisha kandamiza hatua kwa hatua, uso wa nje ukiwa chini. Mnyororo wa T-34 ulikuwa na upana wa nusu mita, kwetu milimita 14. Ona ninavyobonyeza: moja kwa moja chini, nainua moja kwa moja juu. Ukiburuta umeua. Hakikisha mfereji unashuka karibu na udongo, kwa sababu kifaru hiki kina uzito wa tani zaidi ya 28. Kikikaa juu ya theluji bila kuzama kinaonekana kimening'inia, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye diorama za theluji. Pembeni mwa mfereji ongeza vidonge vya theluji vilivyovunjika, tena upande wa nje, kule theluji ilikosukumwa.

Ikiwa inakauka, turudi kwenye kifaru. Wanajeshi walikuwa wanavipaka vifaru vyao chokaa kwa brashi, na chokaa hiyo ilikuwa inabanduka. Juu ya kijani paka vanishi, iache ikauke, puliza spray ya nywele mara mbili, kisha rangi nyeupe ya akriliki iliyochanganywa na maji. Ipake kwa brashi, michirizi ionekane, na zunguka namba ya kifaru bila kuifunika. Baada ya nusu saa lowesha brashi ngumu, uanze kusugua pale mikono na buti zinapopita: pembezoni mwa mlango wa dereva kule mbele, kwenye vishikio, ukingo wa mlango wa juu, madigadi wanakokanyaga wakipanda. Ubavuni ambako hakuna aliyegusa acha nyeupe yake. Ukikwangua kila mahali sawasawa, utapata kifaru cha madoadoa.

Kabla hujaweka theluji juu yake, amua: injini imewaka au imelala? T-34 ina dizeli ya silinda 12 huko nyuma, na ekzosi mbili kwenye bamba la nyuma. Kangu kimetoka kutembea. Kwa hiyo juu ya injini hakuna theluji hata chembe. Pale napaka vanishi inayong'aa, iwe na sura ya chuma kilicholowa. Chini ya ukingo wa nyuma maji yametiririka na kuganda, ndipo vijiti vya barafu vinapokaa. Vitengeneze kwa plastiki angavu: pasha juu ya mshumaa, ikilegea ivute, kata vipande visivyozidi milimita 8. Viwili vitatu basi. Ukitaka kifaru kilicholala usiku kucha, geuza kila kitu: theluji imetanda hadi juu ya injini, na hakuna barafu inayodondoka popote.

Mbele kumepoa, kwa hiyo madigadi ya mbele yana theluji. Katikati ya magurudumu ishindilie kwa kijiti cha meno, mchanganyiko mzito wenye maji machache. Lakini uso wa mnyororo unaogusa chini uache mtupu, theluji na mchanga vinausugua. Pitisha risasi ya penseli kwenye sehemu zilizoinuka, utaona chuma kinaamka. Kutu ya rangi ya chungwa usilete.

Weka kifaru kwenye mifereji yake, kigundishe. Pengo lolote chini ya mnyororo lizibe kwa ule mchanganyiko. Nyuma ya ekzosi pulizia unga wa mkaa kidogo sana juu ya theluji, usambae kufuata mshale wetu.

Nyayo: chonga muhuri kwenye kifutio, urefu milimita 8 na nusu, hilo ni buti la sentimita 30. Hatua moja hadi nyingine ni sentimita 2, na kwenye theluji nene zikaribiane. Kwenye tabaka lililokwisha kukauka, lowesha kwanza, ongeza mchanganyiko laini, ndipo ugonge. Na nyayo ziende mahali. Kwangu zinatoka kwenye digadi la kushoto, zinafika nguzoni, zinarudi. Kila mtu ajaze mwenyewe jamaa alifuata nini kule.

Rangi ya mwisho: bluu iliyozimuliwa sana na maji, ndani ya mifereji, ndani ya nyayo, na upande wa kivuli wa malundo. Karibu na udongo uliochomoza weka kahawia hafifu.

Kisha theluji mpya. Gundi nyeupe sehemu 1, maji sehemu 3, tone la sabuni ya vyombo. Funika sehemu ya injini kwa karatasi, puliza gundi hiyo kwa mbali, kisha shika chujio la chai lenye ule unga mkavu upande wa upepo uguse ukingo wake taratibu kwa kidole. Unga unashuka wenyewe. Simama mapema kuliko unavyotaka, kwa sababu kuongeza ni rahisi, kupunguza haiwezekani.

Ukipiga picha, taa iweke chini na pembeni. Jua la Januari kule halipandi juu, na mwanga wa utosini utafuta kila mfereji uliouhangaikia. Kasha la kioo lisubiri mpaka gundi yote ikauke, vinginevyo unyevu utabaki ndani na kioo kitaota ukungu. Video ijayo tunawachonga wanajeshi wenyewe, na makoti yao ya manyoya.